Kago la Kipande cha Kumi na Saba

3 Januari 1943

Sauti iliyonibaki tangu juzi ni ya kibaba kikikwangua chini ya pipa. Nilikuwa nimesimama dukani hapa Mtanda, Lindi, kikapu mkononi. Mwenye duka aliinama mpaka mabega yakaingia pipani, na bati likalia kama mtu anayesaga meno usingizini. Akatoka na mchele usiojaza kiganja, umechanganyika na kutu. Akampa mwanamke aliyekuwa mbele yangu. Kisha akalifunika pipa kwa uangalifu, wakati halikuwa na kitu.

Mchele wa Burma hauji tena kwa sababu ya vita, na mvua ya Desemba haikunyesha. Shule ya wasichana ninayofundisha imefungwa, maana wanafunzi wamekwenda porini na mama zao kuchimba ming'oko, viazi vya porini. Nyumbani tuko wanne: mama, mimi na wadogo zangu wawili. Baba alitutoka mwaka juzi.

Leo Boma limegawa bonde lililo nyuma ya Mtanda. Kila nyumba imepewa kipande cha kupanda mboga, na kila kipande kina kigingi chenye namba. Sisi tumepata cha kumi na saba. Bwana Shamba, kijana wa Kimwera aitwaye Leonadi, alisimama juu ya debe akatutangazia: "Nyinyi watu wa mjini mmezoea kula kwa mizani. Sasa mtakula kwa jembe." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Sijawahi kushika jembe ila shuleni, siku za ukaguzi.

7 Januari

Jirani yangu wa kipande cha kumi na nane ni Bi Mwahija, mjane msusi wa mikeka, mzaliwa wa Kilwa Kisiwani aliyeletwa Lindi na ndoa. Anaishi na binti yake Kibibi, ambaye mumewe amechukuliwa vitani na ana mtoto wa kunyonya. Kibibi nilisoma naye chuoni kwa maalimu kabla sijapelekwa Dar es Salaam shule.

"Shikamoo, Bi Mwahija."

"Marahaba, mwalimu. Hilo unalofanya ni tuta au kaburi?"

Nikaangalia. Kweli lilikuwa refu, jembamba, limeinuka katikati.

"Tuta la mchicha linalazwa bapa," akasema, na akaingia kipandeni kwangu bila kungoja kuitwa. "Maji yakimwagwa yatulie. Hili lako maji yatateleza yaende kwangu, nami nitashukuru."

Alinionyesha kuchanganya mbegu na mchanga ili zisirundikane, na kupaka jivu kingoni kuzuia mchwa. Aliongea muda wote. Nilirudi nyumbani kichwa kinauma, lakini mbegu zimo ardhini.

9 Januari

Maji. Madebe ishirini na mbili kutoka kisimani.

18 Januari

Hakuna mvua. Mchicha umeota, mwekundu na kijani. Kunde nazo zimetoa majani mawili mawili. Naenda bondeni alfajiri na jioni, mabega yamechubuka. Mama anasema nimekuwa mkali. Najiona ninavyohesabu vijiko vya uji vya wadogo zangu kwa macho, kisha najichukia.

26 Januari

Tumechuma mara ya kwanza. Nilianza kung'oa, Bi Mwahija akapiga kelele kama nimekanyaga mtoto.

"Ala! Unaua? Mchicha haung'olewi! Kata hapa, juu ya kifundo cha pili, kwa mshazari, uache macho. Utachipua mara nne, mara tano. Ndiyo mboga yenye huruma, hii. Unamkata naye anakupa."

Anakata kwa kisu kidogo cha kusukia mikeka, mkato mmoja safi, hasokoti. Nimejaribu mpaka nikaweza. Aliponiona nimepata akasema, "Sasa hiyo ndiyo elimu," na mimi nikafurahi kuliko nilivyofurahi siku ya cheti.

4 Februari

Mvua imekuja yote kwa mara moja, siku tatu mchana na usiku. Kipande changu kiko juu kidogo, kimesalimika. Cha Bi Mwahija kiko chini yangu. Leo asubuhi kilikuwa ziwa. Mboga zake zote zimelala ndani ya tope, na zilizosimama zimeoza shina.

Alikuwa amesimama maji yakimfika magotini, akicheka. "Nimebadili kazi, mwalimu. Nafuga samaki."

Nilimpa pole. Nikachuma zangu nikaenda nyumbani.

11 Februari

Nimeibiwa. Tuta la mwanzo, sehemu ya mkono mzima.

13 Februari

Nimeibiwa tena, mchicha na majani ya kunde. Mama alikuwa ameshabandika chungu, maji yanachemka, nami nikarudi na kikapu kitupu. Tulikunywa uji wa ming'oko bila mboga. Mdogo wangu wa mwisho alilamba mwiko, kisha akaniuliza kama mwiko nao unaliwa.

Nilirudi bondeni kuangalia. Mwizi hakung'oa. Amekata juu ya kifundo cha pili, kwa mshazari, ameacha macho.

15 Februari

Leo nimefanya jambo ambalo wanafunzi wangu wangelifanya ningewaadhibu.

Watu wa huku wakitaka kulinda shamba huweka kago. Mganga hutengeneza dawa, huitundika shambani, na mwizi akigusa mboga tumbo humvimba mpaka mwenye shamba amtegue. Ndivyo wanavyoamini, mjini na bara. Mimi siamini. Lakini nimesema moyoni: mimi siamini, mwizi anaamini.

Nilichukua chupa tupu ya wino, nikatia maji na wino mwekundu uliobaki. Nikachana ukurasa wa daftari langu la jiografia, ule wenye mito ya Ulaya: Danubi, Rini, Volga, Elbe. Nikaukunja, nikauviringishia kitambaa chekundu, nikauzungushia uzi, nikaufunga pamoja na chupa na gamba la konokono. Nikavitundika vyote kwenye kijiti katikati ya kipande, mahali ambapo kila apitaye angeona.

Nilicheka peke yangu nilipokuwa nafunga uzi.

17 Februari

Hakuna kilichoguswa.

20 Februari

Hakuna kilichoguswa. Mama wa kipande cha tisa amenifuata kisimani, amenong'ona: "Mwalimu, nasikia la kwako limetoka Dar es Salaam. Nitengenezee na mimi." Nilitaka kumwambia. Alikuwa ameleta bakuli la mtama uliotwangwa, amelifunika kwa kawa, na harufu yake ilipenya. Nimempa chupa yenye karatasi ya mito mingine, Seine na Temsi.

24 Februari

Nimetengeneza matatu mengine. Tunakula kila siku sasa, na wadogo zangu wameanza tena kugombana, jambo ambalo walikuwa wameliacha. Leonadi amepita kukagua, akaziona chupa.

"Mwalimu Mastura! Hata wewe?"

"Ni karatasi tu, Bwana Shamba."

"Najua ni karatasi. Kwetu pia ni karatasi, au mizizi, au mfupa wa kuku. Kinachofanya kazi si hicho."

Nilimuuliza ni kipi. Akatazama bonde, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaenda zake.

2 Machi

Bi Mwahija hajaonekana bondeni siku sita. Kipande chake kimekauka, kimepasuka kama ngozi ya mamba. Nilikuwa nikifurahia ukimya.

5 Machi

Kibibi alikuja nyumbani mchana, mtoto mgongoni. Hakuketi. "Mama anakuita," akasema.

Nimemkuta kitandani. Miguu imevimba, inang'aa. Tumbo limevimba. Uso nao umevimba chini ya macho, lakini mikono imekonda hadi bangili zimepanda kwenye kiwiko. Nimesoma habari za afya; nimeona picha. Hiyo ni njaa. Mtu akikosa chakula muda mrefu huvimba maji. Alikuwa akimpa Kibibi kila kitu ili maziwa yasikatike.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Usiniangalie hivyo. Nimeiba, nimepatwa. Haki yako."

"Bi Mwahija, hujapatwa na kitu. Una njaa."

"Njaa naijua. Nimekaa nayo tangu mwaka wa vita vya Wajerumani. Hii siyo."

Kibibi akanieleza. Tangu siku ile aliyoiona chupa, baada ya kwisha kula mboga zangu mara mbili, mama yake amekataa kila kitu kilichoota ardhini. Anasema aliyeshikwa na kago akila, chakula kinageuka maji tumboni mpaka ateguliwe. Anakunywa maji ya moto tu. Juzi walipata unga wa muhogo, akageuza uso ukutani.

Nilikimbia bondeni. Nililing'oa lile kago, nikarudi nalo, nikalifungua mbele yake. Nikaikunjua karatasi.

"Tazama. Ni mimi niliyeandika. Hakuna mganga. Ni somo la darasa la tano. Danubi. Rini. Volga. Elbe."

Alisikiliza kwa makini sana.

"Majina hayo ni ya akina nani?"

"Si watu, Bi Mwahija. Ni mito."

"Mito ya wapi?"

"Ulaya."

Akafumba macho. "Basi ndiyo maana," akasema. "Ndiyo maana hakuna hapa anayeijua dawa yake."

Kibibi alinivuta nje, ukumbini. "Mastura, nakuomba. Mtegue. Chukua maji kwenye kata, sema maneno yoyote, mnyunyizie, mwambie nimekuachia. Dakika tano. Unapungukiwa na nini?"

"Nitakuwa namdanganya."

"Ulipotundika ulikuwa hudanganyi?"

"Ndiyo sababu," nikamwambia. "Sitamdanganya mara ya pili. Lazima aelewe ni njaa, ale. Nikimtegua atakufa akiamini upuuzi."

Kibibi aliniangalia kama mtu anayeangalia mnyama asiyemjua jina. "Wewe unataka aelewe," akasema. "Mimi nataka ale."

Nimeandika maneno yake yote. Sijui kwa nini bado naona nina haki.

6 Machi

Nimepeleka mchicha na kunde, kikapu kizima. Hakikuguswa.

8 Machi

Nimemleta Abilahi, dresa wa dispensari. Amebonyeza mguu wa Bi Mwahija kwa kidole. Shimo limebaki pale, halikurudi. "Njaa," akasema, kama nilivyosema. Nilimtazama Kibibi ili aone. Abilahi akaagiza uji mwepesi na maziwa kidogo kidogo. Bi Mwahija alimshukuru kwa adabu zote, akamuulizia watoto wake, na alipotoka uji ukapewa Kibibi.

10 Machi

Nimekaa naye asubuhi nzima namweleza. Nimemchorea hata tumbo. Amesema nachora vizuri.

11 Machi

Leo mama alinisimamia mlangoni. Mama yangu hapandishi sauti, na leo pia hakupandisha.

"Unatoka wapi?"

"Kwa Bi Mwahija. Hataki kuelewa."

"Siku ngapi sasa unamfundisha?"

Nikaficha mchoro wa tumbo nyuma ya kanga.

"Mastura, mimi sikusoma. Baba yako alitaka usome, nami nikakubali, nikauza herini zangu. Lakini nakuuliza: mtu akianguka kisimani, unamtupia kamba au unamweleza kwamba kisima hakina jini?"

"Mama, nikifanya vile nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mchawi."

"Aa," akasema mama. "Kumbe ndilo hilo. Ulikuwa unalinda jina lako."

12 Machi

Nimekwenda. Nilichukua maji kwenye kata, nikatia majani ya mrehani, kwa sababu nimeona wakitia. Nikasoma Fatiha, maana sikuwa na maneno mengine, na angalau hayo si uongo. Nikamnyunyizia uso, tumbo na miguu. Nikasema: "Bi Mwahija binti Haji, nimekutegua. Nimekuachia ulichokula, na chote kilichobaki ni chako."

Akavuta pumzi ndefu. Mabega yakashuka. Kisha akasema, kama vile tumesimama bondeni, "Kibibi, kuna uji?"

Alikula vijiko vinne. Alikula! Kibibi analia, mtoto analia, mimi nimeshika kata inanidondokea miguuni. Alipomaliza aliniangalia.

"Ungekuja mwanzoni, mwalimu, nisingeogopa vile." Hakusema kwa lawama. Alikuwa ananieleza tu, kama alivyonieleza habari ya jivu na mchwa.

14 Machi

Anakula kidogo, lakini anatapika. Abilahi anasema tumbo limesahau kazi.

16 Machi

Bi Mwahija amefariki leo kabla ya adhuhuri. Amezikwa baada ya alasiri.

19 Machi

Nimekwenda bondeni na kuyang'oa makago yote manne yaliyobaki. Nimevunja chupa kwenye jiwe mbele ya wanawake wote kisimani, nimewaonyesha karatasi, nimewasomea. Nimewaambia: yule mama ameuawa na njaa, hii ni karatasi.

Walinipisha nichote maji kwanza.

23 Machi

Mboga zangu zimekomaa na hakuna anayegusa. Nimeweka mafungu kwenye ungo kando ya njia, bure, mjini penye njaa. Jioni nimeyakuta yamesinyaa, nzi juu yake. Mama wa kipande cha tisa amemkataza mwanawe hata kupita karibu.

Leo asubuhi, mwanamke mzee, umri wa bibi yangu, tulikutana kwenye uchochoro. Akabana ukutani kunipa nafasi, akainamisha kichwa, akaniambia: "Shikamoo."

Mimi. Miaka kumi na tisa.

24 Machi

Mvua ndogo.

29 Machi

Nimewaambia watu kumi na mmoja sasa kwamba ni karatasi. Nawahesabu. Leo nilimwambia hata mpagazi wa mkaa ambaye hakuniuliza. Nilisikia sauti yangu ikisema "ni njaa, dresa mwenyewe kasema," nikasikia jinsi ilivyozoea, jinsi inavyokwenda yenyewe kama mtu anayekariri.

Nitaandika hapa kitu ambacho sikukiandika tarehe kumi na tatu Februari, ingawa niliandika vyote vinavyokizunguka.

Nilijua. Nilipoona ule mkato nilijua ni mkono wa nani, kwa sababu ni mkono ulionifundisha. Hakuna mwingine bondeni anayekata vile. Mwingine angekuwa na njaa angeng'oa. Yeye alikuwa anaiba na bado anautunza mchicha wangu uchipue tena. Nilijua kipande chake kimezama, nilijua ana binti anayenyonyesha, nilijua ana haya ya kuomba. Ningeweza kwenda na kikapu mlangoni kwake siku ileile. Badala yake nilikaa mezani nikachana karatasi. Na nilipokuwa nacheka, nilikuwa nauona uso wake utakavyokuwa akiiona chupa.

Sikutundika kago kwa ajili ya wezi. Nilimtundikia yeye.

Kwa hiyo wanawake wa kisimani wana makosa juu ya dawa, lakini juu yangu hawana makosa.

3 Aprili

Shule inafunguliwa mwezi ujao. Nimepata barua.

11 Aprili

Nimemwona Kibibi kwa mbali akitwanga. Mtoto amenenepa kidogo. Kibibi amejitwisha kinu peke yake akakiingiza ndani. Nilisimama nyuma ya ukuta wa jirani mpaka akapotea.

Mama ananiambia niache, muda utapita, watu watasahau. Wadogo zangu wanakula mboga zile ambazo mji mzima unaziogopa, na wana afya. Nakula nao. Kila siku nakata juu ya kifundo cha pili.

18 Aprili

Niliota ndoto nasahihisha madaftari, yote ya mtu mmoja.

25 Aprili

Leo ilikuwa arobaini ya Bi Mwahija. Sikualikwa, wala sikukatazwa. Nilikwenda baada ya dua, watu walipokuwa bado wameketi mikekani, mikeka aliyoisuka mwenyewe. Waliponiona walisogea, pakabaki uwazi kunizunguka kama unavyoachwa kuzunguka moto.

Nilipiga magoti mbele ya Kibibi. Sikuwa na karatasi mkononi, wala sikutaja njaa wala dresa. Nilisema kwa sauti ya darasani, ili wa nyuma wasikie.

"Kibibi, nilijua ni mama yako anayechuma. Nilijua kwa mkato. Nilijua hamna kitu ndani. Nikamtisha makusudi, yeye na si mwingine. Akaniita nimtoe kwenye hofu, nami nikakaa siku saba, kwa kiburi. Mimi ndiye niliyemuua mama yako."

Mtu mmoja akasema, "Astaghfirullah." Kibibi alikuwa ameshika sahani ya wali, wali wa kwanza kuonekana Mtanda tangu Januari, sijui aliupata wapi. Aliiweka chini polepole.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu mwanzo."

"Tangu siku ya pili."

Alimvuta mtoto akampakata. Kisha akasema, "Sitakusamehe leo, Mastura."

"Sikuja kwa hilo."

"Basi ondoka. Na usiniletee mboga."

Niliondoka. Kutoka pale nilipitia kwa Leonadi, nikamkuta anafunga ofisi, nikamwomba aandike kipande cha kumi na saba kwa jina la Kibibi, binti yake Bi Mwahija, akilimie mtoto wake, au akiache kiote nyasi, ni juu yake. Nikamwomba cha kumi na nane, kile kinachozama, akiandike kwa jina langu. Aliniuliza kama najua maana yake ni kuanza upya kwenye tope, na mvua zinakwisha. Nikamwambia najua. Ameandika, nami nimetia sahihi.